Insha Iliyokohoa

Mhadhiri wa uandishi katika chuo cha uuguzi alikuwa akisahihisha kazi za mwaka wa pili, chai ikipoa pembeni, pale insha moja ilipokohoa. Alidhani ni mtu wa ofisi ya jirani. Ikakohoa tena, kikohozi kizito cha mtu mzima aliyepaliwa na maji. Mhadhiri akachukua kamusi, akaiegemeza insha juu yake kama mgonjwa anavyoinuliwa kichwa kwa mto. Ikatulia. Akaendelea kusoma.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Nukta. Kila muhula aliwaambia maneno yale yale: "Ukiishiwa la kusema, weka nukta. Msomaji naye anataka kupumua."

Insha ile ilikuwa ya binti mmoja wa safu ya mbele, asiyesema sana, anayekuja darasani na mikono inayonukia sabuni ya kufulia. Ilieleza jinsi ya kumtunza nyumbani mtu aliyepooza, na mtu mwenyewe alikuwa baba yake. "Mgeuze kabla ngozi haijawa nyekundu," aliandika. "Mwambie kwanza kwamba unamgeuza. Hawezi kujibu. Anasikia." Mwalimu Nukta alipofika hapo alivua miwani, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi, kisha akatoa alama za juu.

Jioni programu ya chuo, ile ya kunasa kazi zilizoandikwa na akili mnemba, ikatoa jibu lake. Insha imeandikwa na mashine. Sentensi zimenyooka mno.

Kamati ya mitihani ikakaa, binti na mwalimu wake wakaitwa. Insha iliwekwa katikati ya meza, ikakohoa mara tu mwenyekiti alipofungua kikao. Ofisa wa mitihani, mtu muungwana, akaisogezea glasi ya maji.

"Tafadhali, maji matupu yatampalia," binti akasema. "Huwa nampa uji mzito, kijiko kimoja kimoja, akiwa ameketi."

"Samahani, sikujua," ofisa akasema, akairudisha glasi upande wake.

"Mnamsikia wenyewe," Mwalimu Nukta akasema. "Huyo ni baba yake. Mashine imewahi kumgeuza nani kitandani?"

"Kikohozi tumekisikia, wala hakuna anayekikataa," mwenyekiti akajibu kwa upole. "Hata mimi mama yangu yuko hivyo hivyo, najua kazi yake. Lakini kanuni inataja programu, haitaji kikohozi. Nikiipitisha hii kwa kuwa inakohoa, kesho nitaletewa inayopiga chafya."

"Hizo sentensi fupi nimemfundisha mimi!"

"Na umefundisha vizuri, mwalimu. Ndiyo maana tuko hapa."

Binti akaambiwa arudie mwaka. Barua ya uamuzi iliandikwa na akili mnemba, kwa kuwa ofisa alikuwa na barua nyingi siku hiyo. Ilikuwa barua yenye heshima, na ilimtakia kila la heri. Haikukohoa hata kidogo.

Insha yenyewe ikafungiwa katika kabati la ofisi ya mitihani kama kielelezo. Katibu muhtasi aliizoea upesi. Kila ilipokohoa alisema, "Pole, mzee," bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta, na siku za baridi alisogeza kabati mbali na dirisha. Binti naye akapata desturi ya kupita pale katikati ya vipindi. Alisimama kando ya kabati, akasikiliza. Kikohozi kikiwa chepesi, alijua nyumbani ni kuzuri, akarudi darasani. Siku kilipokuwa kibaya, katibu muhtasi alimwambia, "Nenda, mwanangu. Nitasema unaumwa."

Wakati wa insha ulipofika tena, binti akabisha hodi kwa Mwalimu Nukta.

"Mwalimu, naomba unifundishe kukosea."

"Kukosea vipi?"

"Kama mtu. Wanasema sikosei kama mtu."

Mwalimu akamtazama. Akamvutia kiti. Walianza na nukta. Alimwonyesha zipi aziondoe ili sentensi zikimbie hovyo, zigongane. Wakaja kwenye tahajia. Wakarudia jambo moja mara tatu pasipo sababu. Binti alishika haraka, kama alivyoshika kila kitu, na mwalimu kila alipotaka kumsifu alijizuia.

"Na hapa, niliposema anasikia?" binti akauliza.

Mwalimu Nukta akavua miwani.

"Paondoe," akasema. "Pamenyooka."

Akapaondoa. Walipochapa insha mpya wakaiweka mezani, wakangoja, kila mmoja akikwepa macho ya mwenzake. Ilikuwa kimya. Programu ikaisoma mara moja, ikathibitisha kwamba ni kazi ya binadamu.

"Ahsante sana, mwalimu," binti akasema. Akachukua mkoba wake, akawahi nyumbani kumgeuza baba yake.