Nati Iliyoandikwa Bado

Bagi ililetwa nyumbani kwa fundi Jumatatu saa nne asubuhi, imefunikwa turubai na kufungwa kamba juu ya tela. Ni yale magari madogo ya porini yenye viti viwili, dereva na abiria ubavu kwa ubavu, mabomba ya chuma badala ya paa. Kule machimboni waliitumia kupandia vilima vya mawe.

"Ifufue hapa hapa kwako, mzee, kimya kimya," alisema msimamizi wa machimbo. "Karakana ina macho mengi. Jumamosi nina wageni, nitawazungusha nayo mwenyewe."

"Sawa," alijibu fundi. Angesema nini? Bagi hiyo ndiyo iliyomuua mkwe wake wiki saba nyuma, na msimamizi alijua hivyo wakati akifungua kamba.

Mabomba ya juu yalikuwa yamebonyea upande wa dereva. Radieta ilikuwa imepasuka, na magurudumu ya mbele kila moja lilitazama kwake, kama ndugu waliogombea urithi. Fundi aliipandisha kwenye jeki katikati ya jiko na tangi la maji, akapima kwa uzi, akakata mabomba mawili kwa grinda na kuchomelea mapya. Binti yake, mjane wa huyo mkwe, alihamisha kamba ya nguo ili cheche zisiunguze mashuka.

Kule karakana walimwita Mzee Bado, na jina lenyewe halikumuudhi. Kwa miaka thelathini na moja, kila nati aliyoizungusha kwa mkono tu, kabla ya kuikaza kwa spana, aliiandikia kwa chaki: BADO. Akishakaza, anafuta kwa kidole gumba. Sheria ilikuwa moja: aliyeandika ndiye afutaye. Aliyethubutu kufuta bado ya mwenzake alishinda bila chai siku hiyo, na matusi juu. B ya fundi ilikuwa na mguu, kamstari kadogo kanakochomoza chini. Binti yake alijifunza kusoma kwa chaki hiyo, na mpaka utu uzima B yake ina mguu.

Jumatano, kiti cha abiria kilipokwisha kufungwa, marehemu alikuja. Ilikuwa saa kumi alasiri, saa ile ile aliyofia. Alivaa koti lake la kazi lenye vumbi la mawe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeshindaje?"

"Salama tu."

Hakukaa mpaka fundi alipoketi kwanza juu ya kopo la rangi. Mkwe huyo alikuwa na adabu tangu uhai wake, hata nne hakuwahi kukunja mbele ya baba mkwe. Ndipo akaingia kwenye kiti cha abiria, magoti pamoja.

Binti alitoka na vikombe viwili vya chai, akamwona, akarudi kuchukua cha tatu.

"Ungesema unakuja ningeongeza maji," alimwambia. Kisha akamuuliza lile lililomkaa kooni wiki saba. "Faili linasema ulikuwa umelewa."

"Mimi sinywi."

"Loo, kwani nani asiyejua hunywi? Nataka kujua ilikuwaje. Kule bombani wananiita mjane wa mlevi. Juzi mama mmoja kaiondoa ndoo yake eti nisiiguse, kana kwamba ulevi unaambukiza. Niambie ilikuwaje, nikawajibu."

Marehemu alimtazama fundi. Kisha akatazama chai yake, ambayo haikuwa ikipungua.

"Barabara ilikuwa na vumbi," alisema.

Fundi alikunywa chai yote kwa mkupuo mmoja, ikamuunguza. Alijua kwamba mkwe hatamuumbua. Heshima ile ile aliyokuwa akiisifia mbele za watu, leo ilimkaba kama kola ya shati dogo.

Maana ilikuwa hivi. Asubuhi ya ajali fundi alikuwa amefungua mkono wa stelingi, ule unaogeuza gurudumu la mbele. Akarudisha nati kwa vidole, akaiandikia BADO, akaenda stoo kutafuta pini ya kuizuia isifunguke. Stoo ikamweka, maana funguo alikuwa nazo mtu aliyekwenda kula. Aliporudi, bagi haipo. Msimamizi alikuwa ameamuru ioshwe ing'ae, na maji hayajui kusoma. Chaki ilipotoka, bagi ikaonekana nzima, akapewa mkwe aende juu kumfuata mgeni. Alishinda na mgeni huko vilimani. Wakati wa kuteremka, baada ya kumshusha mgeni, nati ikaanguka kwenye kona ya tatu. Pini fundi alikuwa nayo mfukoni.

Jioni ile msimamizi alimwekea karatasi mezani. Ilisema dereva alikuwa amelewa. "Nati iliachwa na nani, mzee? Weka sahihi hapo, au tuandike wewe." Fundi akaweka sahihi.

Sasa Jumatano hiyo, bintiye alipoingia ndani na vikombe, fundi aliinama kwenye gurudumu la kushoto. Nati mpya ilikuwa imeandikwa BADO, kwa mwandiko wake, na chaki ilikuwa dirishani haijaguswa tangu asubuhi. Aliifuta. Ikarudi. Aliikaza nati kwa nguvu zake zote, akapitisha pini, akafuta tena. Kabla spana haijafika chini neno lilikuwa limesharudi. Basi akalitundikia kitambaa cha kufutia girisi, akaenda kunawa.

Alhamisi ikawa vile vile. Marehemu alikaa, chai ikaja, binti akauliza, vumbi likatajwa. Kila binti alipopita karibu na lile gurudumu, fundi alikohoa bila kikohozi.

Ijumaa chai ilimwagika. Binti akanyakua kitambaa kilichokuwa karibu, akajifuta mkono, na macho yake yakatua kwenye nati. Alichuchumaa.

"Hii B ina mguu," alisema.

Akamgeukia mumewe kwanza. "Nani kaandika?"

"Siwezi kumsemea baba, na yeye yupo."

"Haya. Baba?"

Fundi alisema yote. Alianza na chaki, akaenda kwenye maji, stoo, pini, akamalizia na karatasi. Alisema kwa mpangilio, kama anayemweleza mteja injini imekufaje. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Binti hakulia. "Wiki saba nalala chumba cha pili," alisema. "Unanisikia nikilia, baba, halafu unakohoa tu."

"Mwanangu, kesho nitamwambia msimamizi. Mbele yako."

Binti akaingia ndani. Fundi alibaki na spana mkononi, na moyo ukambadilika. Kesho msimamizi angeendesha mwenyewe, na kwenye vile vilima kulikuwa na zile kona. Akachomoa pini. Akaizungusha nati kinyume, raundi tatu, ikabaki imeshikilia kwa heshima tu.

"Baba," aliita marehemu kutoka kitini.

"Naam."

"Kesho na mimi nimo."

Fundi hakuinua kichwa. "Wewe utaumia nini tena?"

"Sijui, baba. Lakini nimeshaanguka mara moja, nati ikiwa hivyo hivyo. Inatosha."

Fundi alikaa na nati ile vidoleni, hasira ikimchoma na machozi yakimshuka. Kisha akaikaza mpaka spana ikalia, akapitisha pini na kuikunja miguu yote miwili. Marehemu akasema asante.

Jumamosi msimamizi alifika na shati lililopigwa pasi. Alitazama kiti cha abiria.

"Wewe si tulikufuta kwenye orodha?"

"Ndiyo, mkuu."

"Basi usizungumze na wageni. Tukiwafikia, hamia nyuma kwenye mizigo. Funga mkanda."

Marehemu akafunga mkanda.

"Mkuu," alisema fundi. Binti alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. "Lile faili ni uongo. Nati niliiandika bado, mkaosha. Mkwe wangu hakuwa amelewa, na mimi niliweka sahihi kwa woga. Nataka liandikwe upya."

Msimamizi aliinama, akaliona neno. Akalamba kidole gumba, akafuta. Likarudi. Akafuta tena, likarudi. Hapo akatoa mfukoni kibandiko cha kampuni chenye maneno USALAMA KWANZA, akakibandika juu yake na kukikandamiza kwa kiganja.

"Faili limefungwa, mzee. Na sahihi ni yako. Kazi nzuri lakini, hongera."

Injini iliwaka mara ya kwanza. Binti alisogea mpaka getini, macho kwenye magurudumu ya mbele. Baba yake hakuweza kutazama. Bagi ilikata kona, magurudumu yakatii. Marehemu aliinua mkono kidogo, kama mtu aendaye kazini. BADO ilikuwa imeshatokeza juu ya kibandiko, nyeupe, na msimamizi akaongeza mwendo.

Jumatatu fundi alivaa viatu vya kutokea akaenda ofisini. Karani alimsikiliza vizuri tu. Kisha akamweleza kwamba karatasi ikishaingia kwenye faili, aliyeandika hana ruhusa ya kuifuta. Bombani siku hiyo jina la binti lilikuwa lile lile.

Alasiri fundi alirudi, akavuta kigoda chake mahali pake pa siku zote, ukutani kando ya mlango wa jiko, anapopenda kuegemea. Ukutani, usawa wa mgongo wake, palikuwa pameandikwa BADO. Chaki ilikuwa dirishani, imepungua. B ilikuwa na mguu, lakini mwandiko haukuwa wake.

Aliinua kidole gumba. Akakishusha.

Binti alitoka na kikombe kimoja, akakiweka chini karibu na kigoda.

"Chai hiyo," alisema. Hakusema baba.

Fundi alisogeza kigoda mbele kidogo, ili mgongo wake usije ukafuta, akanywa chai bila kuegemea.