Milimita Tano

Mkunga alikuwa ametoka tu kumshusha binti yake, Kidoti, chekechea. Alikuwa anauteremka mteremko wa kwenda zahanati aliposikia mlio chini yake, mkavu, kama kijiti kinavunjwa. Akabana breki. Breki zile mpya za diski hazikuwa na mzaha: mkia wa baiskeli ulikatika, gurudumu la nyuma likalala ubavu, naye akaburuzwa hadi kwenye nyasi.

Akanyanyuka. Meno yapo, mikono ipo, kiwiko kinachuruzika damu. Ndipo alipokiona kiti cha mtoto kimetumbukia mtaroni, kimelala kifudifudi, mikanda juu ya maji machafu. Akaduwaa. Watu wakampa pole, wala hakuwasikia.

Baiskeli ile ilikuwa ya mtumba, ya alumini, ya wale wanaoshindana matopeni. Breki zake za mpira zilikuwa hazishiki mvua ikinyesha, na mumewe, seremala asiyekubali kushindwa na kitu chochote chenye skrubu, akajitolea kumwekea za diski. Gurudumu alilolipata lilikuwa na habu, kile kitovu cha katikati, pana kuliko nafasi ya fremu. Alimsimulia wakiwa mezani, akicheka, jinsi fremu ilivyomgomea, akaitanua kwa jeki mpaka ikasalimu amri. Mkunga naye alicheka mpaka akapaliwa.

Sasa aliikokota baiskeli iliyovunjika hadi kwa fundi baiskeli wa jirani. Fundi akapima: habu milimita mia moja thelathini na tano, fremu ilitengenezwa kwa mia moja na thelathini. Akamweleza kwamba chuma kingevumilia kutanuliwa hivyo, lakini alumini ikishaumizwa ndiyo basi, na breki ya diski huvuta upande mmoja tu, upande uleule uliokatika. Kisha akapitisha ukucha kwenye mvunjiko.

"Hii haikupasuka leo, dada."

Nusu ya mvunjiko iling'aa kama kijiko kipya. Nusu ya pili ilikuwa imejaa kitu kikavu cha rangi ya maziwa, kimepakwa rangi ya buluu kwa juu. Mkunga akakikwangua, akakinusa. Mastiki. Ileile iliyoziba nyufa za mlango wa chumba cha Kidoti.

Akaketi juu ya rundo la tairi.

Aliirudisha baiskeli nyumbani, akamkuta mumewe karakanani, anapiga randa. Akaweka kipande cha fremu kilichokatika mbele yake, juu ya ubao.

"Baba Kidoti, ufa uliuona?"

Mume akatazama kipande, akatazama kiwiko. Hakuuliza ufa gani.

"Nilidhani ni rangi tu imechubuka."

"Rangi iliyochubuka haijazwi mastiki."

Randa ilimponyoka, ikaanguka kwenye maranda. Akasema, kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia, kwamba aliona aibu kumwambia ameiharibu, na kwamba alitaka kutafuta fremu nyingine kimyakimya.

"Na asubuhi mtoto umempakia mwenyewe," alisema mkunga. "Ukamfunga na mikanda."

Hapo seremala alikaa chini, sakafuni.

Mkunga akaingia ndani kuosha jeraha. Kupitia dirishani alisikia msumeno wa chuma. Mume alikuwa anaikata ile fremu vipandevipande, vifupi, asije mtu akaiokota na kuiunga, na alikuwa analia. Mkunga ashikaye mikono ya wageni kutwa nzima alishangaa kwamba hakutoka kumshika wa kwake. Hakuweza. Kila akifumba macho aliona mikanda juu ya maji.

Jioni walikwenda chekechea kwa miguu, wote wawili. Kidoti aliwashika mikono, mmoja huku, mwingine kule, akauliza baiskeli iko wapi. Mkunga alikuwa akitafuta la kumdanganya, mumewe akawahi.

"Baba ameivunja," alisema. "Ilivunjika zamani, Baba akaificha."