Simpishi Mtu

...hapana, simpishi, akitaka kupita apite juu yangu, magoti yangu yako hapa na hapa hapa yatabaki, ubao unasema dakika ya themanini na nne, tano bila, na Radojka amesimama mbele yangu kaukumbatia mkoba wake kana kwamba mimi ndiye nitakayempora, "Desanka, bibie, nipishe basi," bibie! leo ananiita bibie, mwanamke tuliyekaa naye kwenye mashine moja kiwandani miaka kumi na minane tukivisha nyaya mpira, tukila mkate na vitunguu kutoka karatasi moja, "mpira haujaisha," namwambia bila kumtazama, maana namtazama mwanangu Relja kule golini, "umeisha, shoga, umeisha tangu lile la tatu, mvua hii itatuua, nipishe," na nyuma yake wamejipanga wengine, mumewe, na yule kinyozi wa kituo cha basi, na watu nisiowajua, wote wanayatazama magoti yangu kama kizuizi cha mpakani, basi na yawe mpaka, na mimi ndiye askari wake, anayetaka kuvuka na aruke... na anaruka, ee, Radojka anaruka kweli, na miaka yake sitini na sketi yake ya kanisani, kiatu kinanichubua muundi, maganda ya mbegu za alizeti alizokuwa akizitafuna tangu saa kumi yananimwagikia mapajani, "kichaa wewe," anasema, kwa sauti ya chini lakini si ya chini kiasi cha kutosikika, sawa, kichaa, kichaa aliyekata tiketi ya dakika tisini na atakayeketi dakika tisini, na mumewe anaruka, na kinyozi anaruka akiniomba radhi, huyo angalau ana adabu, ila adabu ingekuwa kuketi, adabu ni kumtazama mtu usoni anapoumbuka, si kumgeuzia mgongo na kufungua mwavuli.

"Shemeji," ananong'ona Sretko kando yangu, "wapishe watu, tutapigwa hapa," maskini Sretko, mdogo wa mume wangu Budimir, wa Budimir ambaye sitaki kumtaja lakini nimeshamtaja, Sretko mwenye moyo wa kuku na mwavuli uliovunjika mbavu mbili, anakuja nami kila mechi ya nyumbani tangu kaka yake alipotoroka, sijui ni kwa mapenzi ya mpira au kwa aibu ya ukoo, sijamuuliza, "wakikupiga wewe nitawapiga mimi," namwambia, anacheka bila kutaka, na kule chini wageni wana mpira tena, wana mpira muda wote, wanapigiana pasi kama watoto wanaomchezea babu kofia, na mabeki wetu wanakimbia nyuma ya kivuli, na Relja anapiga kelele, namwona mdomo unafunguka lakini sauti haifiki, ana miaka thelathini na mitano, magoti yote mawili yamefungwa bandeji chini ya soksi, mimi nimezifunga, nimeuona uvimbe, hawa waliokunja viti hawajauona, wanachokiona ni lile la tano lililompita katikati ya miguu, na yule bwege wa safu ya juu aliyepayuka, "Mrudisheni kwa mama yake!" nikasimama, nikageuka, nikamwambia, "Mama yake yuko hapa, njoo unikabidhi mwenyewe!" watu wakacheka, hata yeye akacheka, na dakika mbili baadaye alikuwa ameshaondoka, bila shaka, wenye midomo mirefu huwa wa kwanza kuwahi mlango, na tunashuka daraja, ndiyo, hilo najua, sihitaji kuelezwa, Plamen, timu yetu, inashuka daraja la tatu leo kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kilipowashwa, na kiwanda chenyewe kimezimwa, na waliokizima nao waliondoka kabla ya kipenga, mji huu wote ni watu wanaotafuta mlango, daktari wa meno kaenda Slovenia, mwalimu wa hesabu kaenda kuogesha wazee Ujerumani, na mimi natazama migongo tu, nimeyajua makoti ya watu kwa nyuma kuliko kwa mbele...

...na leo asubuhi Relja alikuja jikoni, nilikuwa nakanda unga wa pai ya jibini, mikono imenijaa mpaka viwiko, nikamwambia kaa, hakukaa, nikajua, mtu asiyekaa jikoni kwa mama yake ana neno, akamimina kahawa mwenyewe, akainywa amesimama, akasema, "Mama, Ijumaa tunaondoka, mimi na Jasna na watoto," mnaondoka kwenda wapi, nikauliza, nikidhani labda kwa wakwe, "Linz," akasema, "kazi ya ghalani, na nyumba ipo," Linz! dunia ina miji mingi, angetaja mwingine wowote ningeumeza hata kwa maji, lakini Linz kwangu ni mji wa mtu mmoja, na yeye akaona ninavyoukandamiza ule unga, akasema haraka kama mtu anayeng'oa plasta, "baba ndiye aliyeniulizia hiyo kazi," baba! neno hilo halijasemwa jikoni mwangu kwa miaka ishirini na sita, Budimir aliondoka kwenda Linz mtoto ana miaka tisa, "miezi sita tu, Desa, nikipata chumba nawaita," akatuma kadi ya posta yenye picha ya daraja, akatuma picha yake kando ya friji mpya, kisha kimya, hakuona hata mechi moja ya huyu mtoto, hakufua jezi moja, hakusimama kwenye viwanja vya vijijini penye matope mpaka kifundoni akimpigia makofi kipa wa miaka kumi anayeelea ndani ya glovu za mtu mzima, alitoka hata mapumziko hayajafika, na leo, mechi inaisha, anarudi kwa mlango wa nyuma na kunyoosha mikono apewe kombe... ndipo nikalisema lile, nikalisema na unga mikononi, "Mimi sijawahi kukuacha uwanjani hata dakika moja," nilitaka limkate, na lilimkata, niliona, akaimaliza kahawa yake, akasema tu, "Najua, mama," akaosha kikombe, akakipindua juu ya kitambaa, akaenda kuvaa.

"Desanka, wewe, hebu sogea!" huyu sasa ni nani, mzee mwenye redio sikioni, amebeba mto wake wa kukalia kwapani, "babu, dakika tatu tu," namwambia, "nina basi," "basi litakuja jingine," "na timu je?" ananijibu, "timu nayo itakuja nyingine?" hee, kumbe ana ulimi, karibu nimpishe kwa jibu hilo, lakini simpishi, anazunguka safu nzima akiguna, anakwenda kutokea upande wa pili, na jukwaa linabaki limetoboka kama mdomo wa mzee, mtu, mapengo, mtu, mapengo, na Sretko anakohoa, namjua kikohozi chake, kina neno ndani, "Shemeji," anasema, "hata mimi nilijua," ulijua nini, "habari ya Linz, Budimir alinipigia simu mwezi wa pili," mwezi wa pili! theluji ilikuwa bado juu ya paa, akaketi nami hapa mechi baada ya mechi, akanigawia chai kwenye kifuniko cha chupa, na hilo analo kifuani, "mbona hukuniambia?" "Relja aliniomba, alisema mama asijue kabla msimu haujaisha, atashindwa kutazama mpira," atashindwa kutazama mpira, mimi, mimi niliyeitazama timu hii ikifungwa na timu ya askari wa zimamoto, nataka kumpiga Sretko kwa mwavuli wake mwenyewe, nageuka kabisa nimpige, na hapo hapo mashabiki wa wageni waliobaki wanapaza sauti, nageuka tena, mshambuliaji wao katoka peke yake, hana beki mbele, hana beki nyuma, yeye na mwanangu tu, na Relja anatoka golini, anatoka na yale magoti, anatoka kana kwamba ni sifuri kwa sifuri, hanyooshi mkono, anajitupa mzima mzima, na mpira unampiga usoni, nasikia, kwa uwanja mtupu huu nasikia, paa! kama kofi, unaruka nje, anaanguka, anainuka, damu puani, anaifuta kwa glovu, na wanaopiga makofi ni watu wawili, mimi na Sretko, labda na mbwa wa mlinzi wa geti akibweka, na Relja anageuza kichwa, anatazama jukwaani, ndiyo, anatazama huku, anaitafuta safu ya kumi na moja, ananiona, si kazi kuniona, nimebaki kama kisiki shambani, anatikisa kichwa kidogo, anarudi golini, ndivyo alivyo tangu utoto, kila akiokoa anatazama, sekunde moja tu, hajawahi kuacha, kila...

...kila akiokoa... Mungu wangu, kila akiokoa, basi siku ile pia alitazama, fainali ya vijana, miaka kumi na tisa iliyopita, ilifika penalti, yeye ana kumi na sita, mwembamba kama fito, na mimi sikuweza, miguu ilinisimamisha yenyewe, nikapita juu ya magoti ya watu, mimi, nikawakanyaga, nikashuka ngazi, nikaenda kusimama nyuma ya vyoo, uso ukutani, vidole masikioni, na bado nikasikia uwanja ukilipuka, mara moja, kisha tena, bila kujua ni shangwe za nani, aliokoa mbili, mbili, na baadaye alinijia mbio na glovu zinachuruzika maji, "Uliona, mama?" nikasema, "Niliona, mwanangu, niliona zote," nikamweleza hata alirukia upande gani, nilikuwa nimemsikia mtu akisimulia kwenye ngazi, na yeye akasikiliza, akacheka, akasema ndiyo, kushoto, zote kushoto, na kumbe alikuwa ametazama mara mbili, na mara mbili kakuta kiti kitupu, akiwa mtoto wa miaka kumi na sita, akaamua papo hapo kunisitiri, na amenisitiri miaka kumi na tisa, na leo asubuhi nilipompiga kwa ule uongo wangu kama kipande cha kuni, hata dakika moja, nilisema, hata dakika moja! angeweza kunirudishia, alikuwa na ukweli mkononi, akaosha kikombe, "Najua, mama"... ee Desanka, ee mwanamke mshenzi, unaketi hapa umetanua magoti kama hakimu, unawahukumu watu kwa mvua na basi, na wewe ulikimbia hata kabla yao, tena si kwa mvua, ulikimbia kwa sababu ulimpenda mno, basi labda na hawa... hapana, Radojka alikimbia mvua, tusitiane uongo, Radojka simsamehi, na Budimir je, Budimir simsamehi milele, kazi amtafutie, nyumba amtafutie, ghala zima la Linz amwandikie kwa jina lake, hakuwepo na hatakuwa amekuwepo, mwanangu alitazama jukwaani miaka yote hiyo, hakumwona yeye hata kivuli, lakini Relja, Relja si mimi wala si baba yake, Relja hajawahi kutoka mechi yoyote, hata hii, tano bila na damu puani anapanga mabeki kama fainali, mtu wa namna hiyo akisema anaondoka, basi kwake kipenga kimeshalia, mechi imeisha kwa haki, na mimi ninayejifanya natunza muda wa watu ndiye nisiyesikia... na nilikaa kwa nini? kwenye matope, kwenye theluji, mbele ya timu ya zimamoto, nilikaa kwa sababu nilitaka kukaa, niliupenda, nilimpenda yeye akiruka, hakuna aliyenifunga kwenye kiti hiki, basi na kukaa kwangu kusiwe kamba ya kumfungia mtu mguuni, ni kukaa kwangu mwenyewe, nitarudi nako nyumbani kama kulivyo, na Agosti, Plamen ikianza daraja la tatu na vijana wa vijijini, nitakuwa hapa, safu ya kumi na moja, bila mwana golini, waje waseme kichaa, na leo nitamngoja pale nje ya vyumba vyao, mbele ya watu wote, nitamwambia nenda, nenda Linz, chukua watoto wakaone hilo daraja la kwenye kadi, na nitalisema kwa ukali, maana nikilisema kwa upole nitalia na sitaki Sretko anione, na nitamwambia nilikuwa nyuma ya vyoo, atasema najua, mama, na nitamwambia, kelele, niache nikuambie mwenyewe... "Jamani, tunafunga ngazi ya juu," anasema mlinzi wa geti, kasimama na mnyororo, "fungeni," namwambia, "kafungeni hata mto wa mji," na kule chini ni kona tena ya wageni, Relja kaweka mkono juu, anaita majina ya mabeki mmoja mmoja, na sauti yake sasa inafika, kila jina linafika, hakuna watu wa kuizuia, mvua inanitiririkia shingoni, msaidizi wa refa anainua kibao cha nyongeza, Sretko anakodoa macho kupitia miwani yenye matone, "Shemeji, kimeandikwa ngapi pale?" "nne," namwambia, "nne nzima, kaa."