Mara Kumi na Saba

Prachi alikuwa na duka la kutengeneza tovuti mjini Nakuru, na Chepchirchir ndiye aliyekuwa mfanyakazi wake wa pekee. Machi ile ya 2008 wateja walikuwa wameadimika. Hoteli moja tu ya Naivasha ilitaka kujua kama wageni bado wanaitafuta, basi Prachi akamwonyesha Chepchirchir programu mpya: unaandika maneno, nayo inakuambia yalitafutwa kwenye intaneti mara ngapi mwezi uliopita.

Utafutaji wa maneno ya hoteli ulikuwa umeanguka vibaya. Prachi alipotoka kwenda kununua chai, Chepchirchir akaandika mengine: Micah Kipkemboi Molo.

Thelathini na nane.

Micah, kaka yake, alikuwa hajaonekana tangu Januari, nyumba yake ya Molo ilipochomwa katika ghasia za baada ya uchaguzi. Walimtafuta hospitalini, kambini, hata mochari, wakarudi mikono mitupu. Nyumbani Keringet watu walishaanza kulitaja jina lake kwa sauti ya chini. Sasa watu thelathini na wanane wanamtafuta? Prachi aliporudi, akamwonyesha hao watu kwenye skrini.

"Hao si watu," Prachi akasema. "Hiyo ni mara. Mtu mmoja akitafuta kila siku, anahesabiwa kila siku. Wewe hujawahi kumtafuta?"

Chepchirchir akakiri. Kila asubuhi akifungua duka, kabla hata ya kufuta vumbi, aliandika maneno yaleyale kwenye intaneti. Wakahesabu siku za kazi za Februari kwenye kalenda: ishirini na moja.

"Zinabaki kumi na saba."

"Na ni makadirio tu, Chep. Usiyashikilie sana."

Lakini aliyashikilia. Wiki nzima zile kumi na saba zilimwandama. Akila, aliona mkono asioujua ukiandika jina la Micah. Wakati mwingine mkono ulikuwa wa Micah mwenyewe, akijitafuta ili ajue kama bado yuko hai.

Mwishowe akamwambia Prachi, "Kama kuna mtu anaandika hayo maneno, wacha akute kitu." Wakatengeneza ukurasa mmoja. Juu wakaweka maneno matatu yaleyale, na chini nambari ya simu ya Chepchirchir.

Simu ililia siku ya tisa, saa kumi na moja jioni.

"Ni nani ameweka jina la bwanangu huko?"

Alikuwa Nyakio, mke wa Micah. Baada ya moto, watu wa Keringet walikuwa wamesema asipigiwe simu, kwa kuwa si wa kabila lao. Chepchirchir alitii.

"Ni mimi, Chepchirchir."



"Nilidhani ni yeye," Nyakio akasema. "Niko Karagita, huku Naivasha. Nikitoka kazi kwenye shamba la maua napitia saiba, nalipia intaneti, namtafuta. Leo nikaona hiyo nambari, nikajua ni yeye."

"Na mimi nilidhani ni yeye anatafuta."

Jumapili Chepchirchir akaenda Karagita. Nyakio alimpokea kwenye chumba chake kimoja, watoto wamelala kitandani, na bila kuulizwa akaanza kusimulia.

"Alitupandisha kwenye lori la viazi. Akasema anarudi kufungulia ng'ombe, atatufuata. Unajua ng'ombe wake alikuwa anawapenda..."

Akakatisha hapo. Chepchirchir alilisikia lile neno "alikuwa", kama la mtu aliyekufa. Hakumsahihisha. Alisogea, akamshika mkono, na wakakaa hivyo mpaka watoto walipoamka.