Ukanda wa Bwanamkuu

Mume wangu, Bwanamkuu, ni fundi wa ngozi hapa Siyu. Anaamini hakuna kitu kisichotengenezeka kwa ngozi na uzi, na kazi yake haijawahi kurudishwa na mteja. Hilo atakwambia hata kama hujamuuliza.

Mwaka jana alitokwa na uvimbe kinenani. Akisimama unatokeza, akilala unarudi ndani. Ngiri hiyo. Badala ya kuniambia mimi, Khairiya, mkewe kwa miaka ishirini na sita, alijishonea ukanda mpana wenye kimto cha kuubana. Nilipougundua nilipandwa na hasira hadi nikamwaga uji.

"Hospitali sendi," akasema. "Hayat aolewa baada ya mezi mitatu. Nikipasuliwa, kirumbizi takichezaje?"

Fimbo za kirumbizi, ngoma ya wanaume harusini, ndizo raha yake, na harusi ya binti yetu aliingojea kuliko bibi harusi mwenyewe. Nikamwacha na ukanda wake, nami najilaumu mpaka leo.

Wiki iliyofuata aliinua ngozi mbichi, uvimbe ukatoka, ukawa mgumu, ukakataa kurudi. Akaanza kutapika. Tukapanda boti hadi hospitali ya Lamu, mimi nikilia njia nzima bila haya.

Daktari alikuwa binti wa bara, Bochaberi. Bwanamkuu alivuta shuka hadi kidevuni.

"Mzee, ukuta wa tumbo lako una tundu," daktari akasema, "na utumbo umenasa hapo. Ukinaswa sana damu haifiki, unaoza. Ukanda wako unaficha tundu tu, hauzibi."

"Mtaziba na nini?"

"Tunarudisha utumbo, tunaweka kiraka cha wavu, tunashona."

Aliposikia kiraka, shuka ikateremka. "Uzi gani?"

Alionyeshwa, akatikisa kichwa kuridhika, akapelekwa kupasuliwa. Siku ya pili alikuwa anatembea ukumbini. Bochaberi akamkataza kuinua mizigo wiki sita; baada ya hapo, fimbo ruhusa.

Njiani kurudi, alinisogelea. "Khairiya," akaninong'oneza, "kuna wanne nimewashonea kanda kama ule. Niliwaapia sitawataja."

Aliwaendea mmoja mmoja kwa siri. Wote walikana. Mmoja hata alidai hajui kinena kiko wapi. Mume wangu akakosa usingizi, kwani alijua ngiri iliyofichwa kwa kazi ya mikono yake ingeweza kumuua mtu.

Siku ya harusi ikafika. Zumari ikalia, naye akaingia uwanjani na fimbo mkono mmoja, ukanda mkono wa pili. Akauinua juu. Mimi na wanawake wenzangu tukachungulia dirishani.

"Kazi hini ni yangu," akasema kwa sauti, "na ni mbovu. Yeo nasema mbele yenu. Alo nayo na arejeze, ashike ndia ya hospitali."

Miaka yote ya ndoa sijawahi kumsikia akitamka neno mbovu juu ya kazi yake. Nikaona fahari kubwa kuliko ya harusi. Wanaume wakaangua kicheko, na Mohdhar, baba wa bwana harusi, ndiye aliyecheka zaidi. Kisha fimbo zikagongana, na mume wangu akacheza kama kijana.

Asubuhi nilifungua mlango nikakuta kanda nne kizingitini. Nikakimbia gatini. Wanaume wanne walikuwa wamekaa katika boti ya Lamu, kila mmoja akitazama upande wake, Mohdhar miongoni mwao.

Wa tano akaja mbio akishikilia kikoi. Huyo hakuwahi kushonewa ukanda. Alikuwa na ngiri tu.