Safu ya Sita

Kitabu cha ubatizo kilikuwa na safu sita. Cheti kilikuwa na tano. Bartholomeo, karani wa parokia moja karibu na Samuye, aliiona tofauti hiyo siku aliyokabidhiwa ofisi, akainyamazia. Fomu zilichapwa mbali, na hakuna aliyemuuliza.

Mwaka 1952, pamba ilipokwisha kuchumwa, Selestine Ngassa alimjia pamoja na mama yake, Paskazia. Mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita ulikuwa ukichukua vijana wa kufundishwa ufundi wa mitambo, na umri ulithibitishwa kwa cheti cha ubatizo. Selestine alipokwenda kujiandikisha, aliambiwa Selestine Ngassa wa Samuye wanaye tayari na cheti chake kimo kwenye faili. Orodha ingefungwa Jumatatu.

"Cheti kilitokaje nyumbani?" Bartholomeo aliuliza.

Paskazia ndiye aliyejibu. "Nilimwazima Maige, yule mchuma pamba aliyelala kwetu wiki mbili. Alisema jumbe anamdai karatasi. Nikamwambia arudishe akimaliza."

"Mama Selestine! Uliazima cheti cha mtoto?"

"Kinu changu huazimwa. Jembe langu huazimwa, tena hurudi limelika. Ningemnyima karatasi, kitu kisichopungua?"

"Niandikie kingine, karani," Selestine aliomba.

"Nikiandika tu, watakuwa na Selestine wawili, na wa kwanza wameshamzoea. Mwizi utakuwa wewe."

Bartholomeo alimwomba padre ruhusa, akakifunga kitabu katika kitambaa, na Ijumaa wakapanda lori la pamba.

Huko mgodini alimwomba Herman, karani wa mgodi, jambo moja: Selestine asubiri nje, na yule mfanyakazi aliyeandikishwa kwa jina hilo aitwe ndani.

Maige aliingia, mikono ina grisi. Bartholomeo hakumtuhumu. "Msimamizi wako wa ubatizo ni nani?"

Maige alikitupia jicho cheti kilichokuwa mezani. Jina la mtoto, la wazazi, la padre, tarehe, mahali, basi. "Baba yangu mdogo, Maganga."

"Una hakika?"

"Ah, karani! Nilikuwa mchanga, nalia tu. Ningemwonaje?"

Herman alicheka. Kisha akamwita Selestine, akamuuliza lile lile.

"Bhoke, yule mama wa Kikurya aliyekuwa akifua vitambaa vya altare. Kila Noeli nampelekea kuku, na kila Noeli anasema ni mdogo."

Bartholomeo alifungua kitabu, akaweka kidole kwenye safu ya sita. Herman alisoma: Bhoke.

"Nilitoroka mkataba wa mkonge," Maige alisema taratibu. "Kwa jina langu sichukuliwi popote."

"Kazi unaijua," Herman alimjibu. "Jina ndilo si lako."

Alilifuta jina pale lilipokuwa, akaliandika upya na tarehe ya siku hiyo. Selestine angeanza Jumatatu.

Cheti cha zamani Bartholomeo alikichana. Kipya alimpelekea Paskazia mwenyewe, sababu ya kukitoa akiwa ameiandika pembeni mwa kitabu.

"Utakiweka wapi?"

"Ndani ya kopo la chumvi, juu ya kichanja. Hakuna apajuaye ila mimi na jirani yangu Scolastika."

"Na Scolastika," Bartholomeo alirudia.

"Basi nitakihamisha," Paskazia alisema, akainuka kutafuta pengine.