Figo kwa Mwandiko wa Fundi Gundi

Fundi Gundi, mjalidi wa vitabu wa maktaba ya chuo kikuu, alikuwa amejipalia makaa mwenyewe. Wiki mbili nzima alishona na kubandika majalada, ili mwenyekiti wa kamati ya fedha asije akakuta vitabu vilivyochakaa. Sasa mama huyo amesimama mbele ya rafu ya udaktari, miwani puani, anatabasamu.

"Jamani, vitabu vizima hivi! Hizo pesa za vitabu vipya mnazoomba kila mwaka ni za nini? Bora tuwape watu wa michezo."

Mkuu wa maktaba alimsogelea fundi. "Mficha uchi hazai, kaka," alimnong'oneza. "Umetumaliza."

Gundi aliisogelea rafu. Miaka kumi na tisa alikuwa akisifiwa kwa mishono isiyoonekana, na sifa hizo alizipenda kuliko chai. Alichomoa kitabu kikubwa cha mwili wa binadamu, kazi yake bora kuliko zote, akatoa kisu na kupasua mshono kutoka juu hadi chini.

"Una wazimu?" mwenyekiti aliruka nyuma.

"Tazama, mama! Hivi ni vitabu vitatu. Moyo umetoka kwenye nakala iliyolowa mvua. Mapafu, kwenye ile iliyoliwa na mchwa."

Mama aliinama, kidole juu ya kurasa nne zilizoandikwa kwa kalamu. "Na hizi za figo? Mwandiko wa nani?"

"Wangu. Figo zilikosekana kwenye nakala zote. Profesa alinisomea, nikaandika."

"Wewe umesomea udaktari?"

"Mimi? Darasa la saba, mama."

Mwenyekiti alicheka mpaka akavua miwani, kisha akazihesabu tena kurasa zile nne. "Wanafunzi wangapi wanasoma figo zako?"

"Mia mbili na arobaini. Nusu saa kila mmoja."

"Nakipeleka kikaoni sasa hivi. Wajumbe wananisubiri."

"Hakitoki!" Gundi mwenyewe alishtushwa na sauti yake. "Samahani, mama. Binti yule pale mezani amengoja zamu tangu asubuhi, na mtihani ni kesho."

Mkuu wa maktaba alifumba macho. Mwenyekiti alimtazama binti, akamkabidhi kitabu kwa mikono miwili, kisha akapiga simu. "Njooni maktaba, nyote. Mje na ile barua yao ya kuomba pesa za vitabu."

Haukupita muda, wajumbe tisa wenye tai walikuwa kwenye foleni nyuma ya binti. Gundi aliwatazama, furaha na hofu vikimpanda kwa pamoja. Mara binti akainua kichwa.

"Samahani, hapa pameandikwa nini?"

Wajumbe waliinama wote. Hakuna aliyeweza kusoma. Wakamgeukia fundi, naye akautazama mwandiko wake, akakuna kichwa.

"Kusema kweli, hata mimi sijui niliandika nini."

Mwenyekiti aliinyakua barua, akaweka sahihi juu ya mgongo wa mjumbe aliyekuwa mbele yake. Na mkuu wa maktaba, mama aliyewahi kumfukuza mtu kwa kupiga chafya, ndiye aliyeanza vigelegele.